Tema, usisukutue: Dawa ya meno unayoimwaga kila asubuhi

Hebu nikuulize kitu, na usinidanganye. Leo asubuhi ulipomaliza kupiga mswaki ulifanya nini? Najua. Ulijaza maji kwa kikombe, ukasukutua mara tatu nne mpaka ule ubaridi wa minti ukaisha kabisa, ukatema, ukajiangalia kwa kioo, ukatoka.

Basi ulinunua dawa, ukaipaka mahali pake, kisha ukaimwaga kwa sinki kabla haijafanya kazi.

Usikasirike. Mimi nimefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini, na nina mapengo mawili ya kukuonyesha. Moja liko chini kushoto, lingine chini kulia. Nikicheka sana utayaona, ndiyo maana kwa picha zangu zote huwa nimefunga mdomo kama mtu anayefikiria mambo mazito. Hakuna chochote ninachofikiria. Naficha pengo.

Mimi si daktari. Hata chuo chenyewe sikumaliza, niliachia mwaka wa pili. Lakini mwaka huu kuna kitu kilitokea nyumbani Malakisi, kwa kinywa cha mtoto wa miaka sita, kikanifanya niulize maswali ambayo nilipaswa kuyauliza kitambo. Keti nikueleze, kwa sababu nina hakika jino lako moja linakuhitaji usome hii.

Jino lililokuja bila kupiga hodi

Kama hujui Malakisi, ni mji mdogo wa Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda. Mto unaobeba jina hilo unashuka kutoka Mlima Elgon. Huko kwetu watu wanalima mahindi, tumbaku na miwa, na mtoto anajifunza kuambua muwa kwa meno kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Nilikuwa darasa la tano jino langu la kwanza lilipoanza kuuma. Usiku nilikuwa nabana karafuu kwa shavu, mchana nasinzia darasani. Mathe alichungulia akasema, "Hilo ni la utoto, litamea lingine." Tukaenda kliniki moja, mtu akaangalia kwa sekunde chache, akadunga sindano ya ganzi, akang'oa. Hakuna aliyetueleza kitu. Nikarudi nyumbani nimeshikilia pamba mdomoni, nikingoja jino jipya.

Nimengoja miaka kumi na tano sasa.

Siri ambayo mathe hakuijua, na huenda hata mama yako hakuijua, ni hii. Mtoto akifika karibu miaka sita, magego manne ya ukubwani huota nyuma kabisa, mawili juu na mawili chini. Hayasukumi jino lolote la utoto. Hakuna linalong'oka, hakuna la kurusha juu ya paa, hakuna sherehe. Yanatokea kimyakimya nyuma ya meno ya utoto, na mzazi akiyaona anadhani ni ya utoto vilevile. Ndiyo magego ya kazi, ya kusaga mahindi na nyama maisha yako yote. Na ndiyo huoza haraka, kwa sababu yana mifereji mirefu juu ambayo chakula hujificha, na jino likiwa jipya gamba lake bado halijakomaa.

La pili niling'olewa nikiwa chuoni. Hilo nilijua ni la ukubwani. Lakini kuziba kulihitaji pesa na safari kadhaa, na kung'oa kulihitaji asubuhi moja. Wewe ungechagua nini ukiwa na rent ya kulipa?

Kwa hivyo Desemba iliyopita, mpwa wangu alipokuja mbio akisema, "Khocha, ona meno yangu yamemea," na akafungua mdomo kwa jua, mimi niliangalia nyuma kwanza. Magego yalikuwa yamefika. Meupe, mapya, makubwa. Na karibu na fizi ya moja nikaona doa jeupe lililofifia, kama mtu amepaka chaki.

Nilidhani ni uchafu. Nikajaribu kufuta na kidole. Halikutoka.

Kinachoendelea mdomoni ukikunywa chai

Tuanze na adui. Mdomo wako una bakteria, na hata wa gavana unao. Hukaa kwa ule utando unaonata kwa jino, ule unaouhisi kwa ulimi ukiamka. Ukila kitu chenye sukari, bakteria nao hula, na wakila hutoa asidi. Asidi hiyo huanza kulamba madini ya gamba la nje la jino, ile sehemu nyeupe na ngumu kuliko mfupa inayoitwa enameli.

Wanasayansi hupima ukali wa asidi kwa kipimo cha pH, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kuyeyuka. Soda nyeusi peke yake iko karibu 2.5, kabla hata bakteria hawajaongeza yao.

Lakini Mungu hakutuacha hivyo. Mate yako ni dawa. Huosha asidi polepole na kurudisha kalisiamu na fosfeti kwa jino. Kwa hivyo siku nzima kuna vuta nikuvute: asidi inatoa madini, mate yanarudisha. Jino halitoboki kwa siku moja. Hutoboka pale upande wa kutoa unaposhinda upande wa kurudisha kwa miezi na miaka.

Sasa fikiria siku ya kawaida ya msee wa boda pale stage. Saa moja asubuhi chai ya sukari tele na mandazi. Saa tatu soda. Saa tano kipande cha muwa. Mchana kinywaji cha kuongeza nguvu, anakionja kidogo kidogo mpaka jioni. Usiku mogoka na Big G ya kupunguza uchungu. Kila mara anapoonja, asidi hupanda na kukaa karibu nusu saa au zaidi. Mate hayapati nafasi. Kumbe tatizo si wingi wa sukari peke yake, ni mara ngapi unaileta mdomoni. Soda moja ukiinywa na chakula ukamaliza ni shambulio moja. Soda hiyohiyo ukiionja kwa saa nne ni vita vya saa nne.

Hapo ndipo floraidi inapoingia.

Floraidi ni madini. Ikiwa kwa mate na kwa ule utando wa jino, hufanya kazi tatu. Hupunguza madini yanayotoka asidi inapokuja. Huharakisha kalisiamu na fosfeti kurudi. Na huingia ndani ya ukarabati wenyewe, ili ile sehemu iliyorekebishwa iwe ngumu kuliko ilivyokuwa mwanzo, iweze kuvumilia asidi mpaka pH ya 4.5 hivi. Pia huwasumbua bakteria wasitengeneze asidi kwa raha.

Na shika neno moja hapo: kugusa. Kwa meno yaliyokwisha kuota, floraidi hufanya kazi ikiwa inaligusa jino, kidogo kidogo, kila siku. Ndiyo maana kusukutua na maji ni hasara.

Ilianza na meno ya kahawia

Kama umesoma na watu wa Nakuru au Naivasha, lazima umeona meno ya kahawia. Tuliwacheka sana shuleni, na najuta. Miamba ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na maji ya visima vingi huko huipita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa kikomo cha maji ya kunywa. Mtoto akiyanywa miaka ile meno yake yanapojengeka ndani ya taya, kabla ya umri wa miaka minane hivi, yanaota na madoa. Hali hiyo inaitwa florosisi. Ikizidi sana huharibu hata mifupa. Ndiyo sababu Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi miaka mingi ya kuchuja maji kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, ambayo hunasa floraidi.

Sasa shangaa. Madoa hayohayo ndiyo yaliyofungua macho ya ulimwengu. Mwaka wa 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kliniki Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Alihangaika na fumbo hilo miaka thelathini. Aligundua jambo la ajabu: meno yale mabaya kwa macho yalikuwa hayaozi kirahisi. Mwaka wa 1931 mwanakemia H. V. Churchill alipima maji akakuta floraidi. Baadaye watafiti wakatafuta kiwango kidogo ambacho kinalinda bila kuchafua, na mwaka wa 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi kwa maji ya bomba.

Kisha ikaja hatua inayotuhusu mimi na wewe. Ilibainika kwamba si lazima uimeze. Ukiipaka tu juu ya jino inafanya kazi. Kwa Kenya hatuongezi floraidi kwa maji ya bomba, kwa hivyo kwa wengi wetu dawa ya kupaka ndiyo kinga yenyewe. Na ya kwanza kabisa iko kwa tyubu pale kwa bafu yako.

Soma tyubu yako

Nenda uichukue sasa hivi, nakungoja. Geuza nyuma, tafuta neno linaloanza na "fluor" kisha namba na herufi ppm. Kwetu kila dawa ya meno inaitwa Colgate, hata ikiwa ya kampuni nyingine, kwa hivyo jina halikusaidii. Namba ndiyo inakusaidia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kati ya 1,000 na 1,500. Nyingi za madukani ziko 1,450 hivi, na dawa ya meno yenye floraidi iliingizwa kwa orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu mwaka wa 2021, orodha moja na dawa za malaria.

Ukikuta hakuna floraidi kabisa, hapo unasafisha na kunukia vizuri tu. Zile za mkaa zinazovuma mtandaoni mara nyingi hazina, na juu ya hayo mkaa hukwaruza enameli. Zile za mitishamba, nyingine zinayo na nyingine hazina. Soma.

Halafu fuata haya:

Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara. Ya usiku, kabla tu ya kulala, ndiyo usiyowahi kuikosa. Ukilala mate hupungua, jino linabaki bila mlinzi, kwa hivyo unaliachia floraidi ilinde zamu.

Ukimaliza, tema povu lote. Usisukutue na maji. Ukishindwa kabisa na ladha, tia maji kidogo kama ya kijiko, tembeza, tema. Wiki ya kwanza utahisi vibaya. Ya pili utakuwa umezoea.

Usile wala kunywa kwa nusu saa hivi. Maji matupu baadaye hayana shida.

Mtoto chini ya miaka mitatu, paka kiasi cha punje ya mchele tu. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje moja ya minji. Zile picha za tangazo zenye dawa imejaa mswaki mzima kama krimu ya keki zinauza dawa, hazifundishi. Simama naye, msaidie, hakikisha anatema. Mtoto hawezi kupiga mswaki vizuri peke yake mpaka miaka saba au minane. Na tyubu iweke juu, mbali na mikono yake, kwa sababu ni tamu na akiimeza nyingi itamsumbua tumbo.

Na mswaki wa mti? Shosho wengi walifika uzeeni na meno yao kwa kutafuna kijiti, na ukijua kukitumia kinasafisha kweli. Lakini wengi wao hawakukua na soda na keki kila siku. Tumia kijiti ukitaka, halafu usiku paka dawa yenye floraidi.

Vanishi si ya viti peke yake

Turudi kwa mpwa wangu na lile doa la chaki. Dada yangu alisema tungoje, si hata haumwi. Nikamfungulia mdomo wangu nikamwonyesha pengo. "Hili nalo tulingoja," nikamwambia. Kesho yake tukapanda matatu mpaka hospitali ya kaunti, Bungoma.

Afisa wa meno alimkalisha, akamulika, akanionyesha. Akasema doa jeupe vile ni dalili ya kwanza: madini yameanza kutoka, lakini gamba halijatoboka. Hapo jino bado linaweza kurudi. Likishakuwa tundu, hakuna floraidi itakayolijaza, litahitaji kuzibwa. Nilinyamaza. Nilikuwa nafikiria lile langu la darasa la tano, vile huenda nalo lilipitia doa jeupe kama hilo na hakuna aliyeangalia.

Alichofanya baada ya hapo kilichukua dakika chache. Alikausha magego na pamba, akachovya brashi ndogo kwa dawa nzito ya manjano, akapaka. Basi. Hakuna sindano, hakuna mashine ya kulia. Inaitwa vanishi ya floraidi, na inafanana na ile ya fundi wa mbao kwa sababu hushika na kuganda. Kwa kawaida huwa na 22,600 ppm, yaani zaidi ya mara kumi na tano ya dawa yako ya nyumbani. Kwa kuwa hunata kwa jino, huachilia floraidi polepole kwa saa nyingi, na mtoto hamezi nyingi.

Tuliambiwa ale vyakula laini siku hiyo, asinywe kitu moto, na asipige mswaki mpaka kesho. Meno yalikuwa ya manjano kidogo mpaka kesho yake, mpwa akanuna kwa sababu hangeweza kula muwa. Hayo ndiyo madhara tuliyoyaona. Lakini kama mtoto ana pumu kali, mzio, au vidonda mdomoni, mwambie daktari kabla hajapaka, kwa sababu vanishi nyingi hutengenezwa na utomvu wa miti ambao wachache hauwapatani.

Je, inafanya kazi ama ni biashara? Mwaka wa 2013 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio ya watoto na vijana ukayajumlisha. Waliopakwa vanishi walipungukiwa na uozo kwa wastani wa asilimia 43 kwa meno ya ukubwani na asilimia 37 kwa ya utoto, ukiwalinganisha na wasiopakwa. Si kinga ya asilimia mia, usidanganywe. Lakini kwa dawa ya kupaka mara mbili kwa mwaka, au hadi nne kwa mwenye hatari kubwa, hiyo ni nyingi.

Kuna ndugu zake pia. Kuna jeli inayowekwa kwa kisahani na kushikiliwa kwa meno dakika chache, hiyo ni ya wakubwa wanaoweza kutema. Kuna maji ya kusukutua yenye floraidi, yanafaa ukivaa nyaya za kunyoosha meno, lakini si ya watoto chini ya miaka sita kwa sababu watameza. Yatumie saa nyingine, si mara tu baada ya mswaki, maana huwa na floraidi kidogo kuliko dawa ya tyubu na utaiosha iliyo bora.

Na kuna moja ambayo ningetamani ningeijua nikiwa darasa la tano. Ni maji ya floraidi yaliyochanganywa na madini ya fedha, madaktari huyaita SDF. Tone moja kwa jino lililoanza kuoza linaweza kusimamisha uozo bila kuchimba na bila sindano. Ubaya wake ni kwamba sehemu iliyooza inabaki nyeusi kabisa. Kwa gego la nyuma, nani ataona? Nayo iko kwa ile orodha ya 2021. Uliza kama ipo.

"Lakini nasikia ni sumu"

Nimesikia pia. Kuna video za kutosha. Ukweli ni kwamba floraidi, kama chumvi na kama dawa ya maumivu, inategemea kiasi. Ile ya Bonde la Ufa ni ya kumezwa kila siku tangu utotoni. Ya dawa ya meno unapaka na kutema. Wewe mwenye miaka ishirini na kitu meno yako yameshajengeka, hayawezi kupata madoa ya florosisi sasa hata ufanye nini. Anayehitaji uangalifu ni mtoto mdogo anayemeza, ndiyo maana tunasema punje ya mchele.

Kama unaishi Nakuru, Naivasha au mahali pengine penye visima vya floraidi nyingi, tatizo lako kubwa ni maji ya kunywa, hasa ya watoto. Tafuta maji ya mvua au yaliyochujwa. Kwetu upande wa Elgon, mto na mvua kwa kawaida huwa na floraidi kidogo, lakini kisima cha kuchimbwa na mashine hutegemea mwamba wake. Kikichimbwa kwenu, uliza matokeo ya maabara. Ni haki yako.

Kwa nini tunangoja mpaka iume

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka wa 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa asilimia 34.3 ya watu wazima na asilimia 23.9 ya watoto. Zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watatu. Angalia matatu yenu ya abiria kumi na wanne, kisha uhesabu.

Na sisi vijana tuna tabia moja. Kitu kisipouma hakipo. Jino nalo halina haraka, linaoza kimya mpaka lifike kwa mshipa, na likifika huko kung'oa ndiko kunakoonekana rahisi. Halafu unakaa na pengo, meno ya jirani yanaanza kulala upande, la juu linashuka kutafuta mwenzake. Unatafuna upande mmoja. Unaenda interview unajibu maswali kwa midomo nusu, unaonekana hujiamini, kumbe unaficha tu. Nimekuwa huko. Kuna kazi moja ya mapokezi naamini niliikosa kwa sababu sikutabasamu hata mara moja.

Kwa hivyo usingoje. Hospitali kubwa za kaunti, za Bungoma na za Kitale, zina kitengo cha meno. Si lazima umwone daktari bingwa. Maafisa wa afya ya kinywa ya jamii, wanaofunzwa KMTC, pia hufanya kazi ya kinga. Ukienda kliniki ya kibinafsi, hakikisha anayekuhudumia amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, maana kuna watu wananunua koleo na koti jeupe wanafungua biashara. Uliza maneno haya: "Naomba kuangaliwa na kupakwa vanishi ya floraidi, ni pesa ngapi?" Na akikwambia jino ling'olewe, uliza kama linaweza kuzibwa. Uliza mara mbili. Sisi hatukuuliza hata mara moja.

Kama una mdogo wako, mpwa au mtoto wa jirani wa miaka sita au saba, leo jioni mwite kwa mwanga. Mwambie afungue mdomo. Angalia nyuma kabisa, ya nne yote. Kama yamefika, mwambie mamake: haya hayana mengine.

Wiki iliyopita nilienda nyumbani tena. Lile doa bado lipo lakini limekuwa dogo, linang'aa badala ya kuwa kama chaki, na afisa alisema hiyo ni dalili nzuri. Tuna tarehe ya kurudi baada ya miezi sita. Usiku tulisimama nje karibu na jerikeni, mimi na mpwa, kila mtu na mswaki wake, povu mpaka kidevuni. Nilipomaliza, mkono ukaenda kwa kikombe wenyewe, mazoea ya miaka yote.

"Khocha!" akanifokea, mdomo umejaa povu. "Tema tu!"

Nikatema tu.